Mahali Aliposimama Refa

Kaka yangu Wenceslao Ovelar alikuwa refa wa ligi ya wilaya kwa miaka mingi kuliko watu wa mji wetu wa Carapeguá walivyotaka, kwa hiyo alikuwa mzoefu wa matusi. Marefa wengine hutukaniwa mama zao. Yeye alitukaniwa mama, ambaye ni mama yangu pia, lakini zaidi alitukaniwa miguu. Sijui nani alianzisha. Akitoa penalti wasiyoitaka, upande mzima wa uwanja ulisimama ukamwimbia kwamba miguu yake ioze, ikauke, ikatike, itupiwe mbwa. Yeye aliwapungia mkono kama mtu anayeimbiwa siku ya kuzaliwa. Nisiseme uongo, alikuwa na miguu mizuri, na alijua. Alipostaafu aliendelea kuvaa kaptula mwaka mzima, hata Julai, mwezi wetu wa baridi, wakati sisi wengine tumejikunyata na mablanketi mabegani.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anapoanza kuumwa mguu.

Ulianza wa kulia, kwenye shavu la mguu. Akitembea kidogo tu, shavu linakaza kama limebanwa na koleo. Akisimama kidogo, linaachia. Kwanza alisema ni viatu, akanunua vingine. Halafu akasema ni mawe ya mtaa wetu, eti manispaa imeyapanga vibaya. Mimi nilimwambia ni sigara, maana amevuta tangu siku alipoota ndevu, na hakunisemesha mpaka Jumapili. Mwisho nilimpandisha basi mwenyewe mpaka mji mkuu, Asunción, hospitali, nikakaa naye foleni kama mlinzi.

Daktari alisema mishipa ya damu ya mguu imeziba nusu, damu haifiki vizuri chini. Njia zilikuwa mbili. Moja ni kisu. Nyingine ni kutembea: atembee mpaka mguu uume, asogee bado kidogo mpaka uume kwelikweli, asimame mpaka maumivu yaishe, halafu aanze tena. Hivyo hivyo kwa miezi mitatu, mpaka damu ijitafutie vichochoro vingine. Wenceslao alicheka. Alimwambia daktari kwamba amekuja kwa sababu hawezi kutembea, na yeye anamwandikia dawa ya kutembea. Daktari hakucheka. Akasema miezi mitatu ikiisha na mguu bado unamsimamisha njiani, faili lake litaenda kwa wapasuaji. Hapo kicheko kikamwisha kaka yangu. Mtu huyu aliwahi kusimama juu ya mchezaji aliyevunjika mfupa ukatoka nje, akapuliza filimbi kama kawaida, lakini sindano yake mwenyewe huwa anaifumbia macho tangu getini.

Kwa kuwa tunakaa mbali, walisema atasimamiwa kwa simu. Wakampa kijisanduku cha kufunga mkandani, ambacho kiliona kila alipokwenda na kila aliposimama, na kidude cha kutia sikioni. Kila siku ya mazoezi angepigiwa na nesi Noelia Giménez, akae naye hewani mwanzo mpaka mwisho. Nesi huyu alikuwa na sauti ya mtoto wa kwaya na amri za sajenti. Kaka yangu, aliyewatoa uwanjani wanaume wenye vifua kama milango, sasa alikuwa na binti sikioni anayemwambia tembea, sogea, usidanganye, kijisanduku kinaniambia.

Siku za mazoezi alizipanga nesi: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, jioni, jua likipoa.

Nilimwambia pale pale, kaka, badilisha siku. Hapa kwetu mwanamume akioga na kutoka jioni Jumanne, Alhamisi au Jumamosi, watu hawamwulizi anakwenda wapi, wanamwuliza kwa nani. Hizo ndizo siku za kumtembelea mwanamke. Ukienda kwa mwanamke Jumatatu watadhani umekwenda kuziba bomba. Nesi ni mtu wa mjini, labda hilo halikumpitia kichwani, lakini Wenceslao amezaliwa hapa. Akanijibu kwamba kwa umri wake nani atamfikiria hivyo. Tena akanishika mkono, akaniapisha mbele ya picha ya mama kwamba sitamwambia kiumbe yeyote habari za mguu.

“Wakijua, dada yangu Boni, watasema laana yao imefika,” aliniambia. “Watu elfu waliimba mguu wangu uoze. Sitawapa raha hiyo.”

Nikaapa. Mimi nikiapa nimeapa, na hilo ndilo lililoniponza.

Jumanne ya kwanza akatoka na kofia imeshushwa mpaka masikioni, kufunika kile kidude, na suruali ndefu, jambo ambalo peke yake lilitosha kuwa habari. Mtaa wetu unapanda taratibu mpaka kwenye kikanisa cha San Roque, na saa ile kila nyumba imeshatoa viti vyake nje, watu wanapokezana tereré, majani makavu yanayomiminiwa maji ya barafu kwenye kikombe kimoja kinachozunguka. Alisalimia kulia, akasalimia kushoto. Mguu ukamfikisha mpaka kwenye ukuta wa bluu wa Ña Obdulia Cabañas, yaani Bi Obdulia, na hapo ukakataa.

Ña Obdulia anafuma machela, vitanda vya kamba vya kuning'iniza, na machela zake mtu analalia mpaka wajukuu wanazirithi. Hajaolewa, na si kwa kukosa wa kumwoa. Wawili aliwakataa nikisikia kwa masikio yangu, na mmoja wao alikuwa na lori. Tangu hapo wanaume wakawa wanamsalimia wakiwa upande wa pili wa barabara. Jioni ile alikuwa amekaa nje peke yake, miguu kwenye ndoo ya maji baridi, na mbele yake akasimama Wenceslao Ovelar, amevaa suruali, haendi mbele wala harudi nyuma.

Angefanya nini? Kusema mguu unauma hawezi. Akaanza kuangalia maua ya dirishani. Aliyaangalia, aliyaangalia, midomo ikimchezacheza kwa sababu nesi alikuwa anamwuliza maswali na yeye anajibu chini kwa chini. Maumivu yalipoisha akavua kofia nusu, akageuka, akarudi mpaka nyumbani. Nesi akamwambia bado. Akatoka tena. Akapanda mtaa, akafika kwenye ukuta wa bluu, akasimama, akaangalia maua. Akarudi. Akatoka tena. Aliposimama mara ya tatu, mtaa mzima ulikuwa umeacha kunywa.

Alhamisi ikawa hivyo hivyo. Watu wakasema midomo inamcheza kwa sababu anakariri maneno ya kumwambia na anayasahau akimfikia. Kufika Jumamosi walikuwa wameshawaoza. Wanawake walinijia jikoni mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake, huyu anaazima chumvi, huyu anarudisha chungu ambacho sikuwahi kumwazima. Niliwaambia kaka anatembea tu. Ndiyo, walisema, anatembea tu, wakanikonyeza. Niliposema ni kwa ajili ya afya, mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa na ukweli mdomoni, na picha ya mama ikinitazama ukutani.

Nilimweleza Wenceslao wanavyosema. Nilidhani atakasirika. Akafikiri, akasema afadhali wamwone mwendawazimu wa mapenzi kuliko kilema. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na kaka yangu ana upara.

Sasa sikia habari ya kiti. Jioni moja mguu ulikuwa mbaya zaidi, na nesi akamwambia akae apumzike kama pana kiti. Palikuwa na kiti kimoja, na Ña Obdulia amekikalia. Wenceslao akasema kwa sauti iliyomtoka kubwa kuliko alivyokusudia, “Hapa hakuna kiti.” Alikuwa anamjibu nesi. Ña Obdulia hakujua kuna nesi. Alichosikia ni kwamba mwanamume aliyesimama mbele ya nyumba yake wiki kadhaa bila kufungua mdomo, hatimaye amefungua mdomo, na neno lake la kwanza ni malalamiko.

Alhamisi iliyofuata viti vilikuwa viwili.

Hapo ndipo mambo yalipokolea, kwa sababu kukaa kwenye kiti kile ni kukubali uchumba, na kila mtu alijua. Wenceslao hakukaa. Alisimama pembeni ya kiti, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti, kama mtu anayepigwa picha ya zamani. Lakini huwezi kusimama pembeni ya kiti cha mtu ukaangalia maua milele. Ña Obdulia akasema mvua inachelewa mwaka huu. Wenceslao akasema inachelewa. Wiki hiyo waliongea habari za mvua tu, na mvua ilipokuja wakaongea habari za matope.

Kumbe wakati huo mguu nao ulikuwa unafanya kazi yake. Damu ilijipenyeza ilikojipenyeza, na siku moja kaka yangu akafika kwenye ukuta wa bluu asiumwe. Mguu ukaja kukaza mbele kidogo, mlangoni kwa fundi cherehani. Akasimama hapo. Alirudi nyumbani akicheka peke yake. Hajafurahi hivyo tangu alipopewa fainali ya wilaya kuchezesha. Akanieleza mara tatu kwamba ameupita ukuta wa bluu, ameupita kabisa, Boni, bila hata kijimwiba. Nilimwuliza na Ña Obdulia je? Akaniangalia kama mtu aliyekumbushwa kwamba ameacha jiko linawaka.

Siku iliyofuata viti viwili vya Ña Obdulia vilikuwa mlangoni kwa fundi cherehani. Alimwambia fundi kwamba kwake kivuli kimeisha. Kivuli hakikuwa kimeisha. Mwanamke yule si wa kuomba radhi wala ruhusa, lakini fundi alimpisha, tena akatoa na cha kwake. Mguu ukaimarika, kaka yangu akasogea mpaka kwa muuza mbolea. Viti vikahamia kwa muuza mbolea. Akasogea tena, navyo vikasogea, na kila vilipokwenda watu wa pale walitoa viti vyao wakakaa karibu, na waliobaki chini wakaona wanapitwa, nao wakapanda. Kufika mwezi wa tatu upande wa chini wa mtaa wetu ulikuwa mtupu jioni. Unakuta mbwa tu na mimi.

Ndipo nikaona Wenceslao ananyoa ndevu kila mara kabla ya kutoka. Nilimwuliza ananyoa kwa ajili ya nani na nesi anamsikia tu hamwoni. Akasema wembe ni mpya, anaujaribu. Siku nyingine alirudi mazoezini akakaa kitandani bila kuvua kofia. Nilidhani mguu. Nikamwuliza, akasema mguu ni mzima. Halafu akaniambia Ña Obdulia amemwambia neno.

Lazima nieleze. Ile fainali ya wilaya aliichezesha kaka yangu, na dakika za mwisho akatoa penalti dhidi ya timu yetu, Carapeguá, hapa hapa nyumbani. Kombe likaondoka na wageni. Golikipa aliyesababisha ile penalti ni Silvero Cabañas, kaka yake Obdulia, anayeziba matairi pale kona. Silvero aliapa hajamgusa mtu, na tangu siku hiyo hajampa Wenceslao salamu, wala mtu wa nyumba yetu, hata kwenye mazishi ya mama. Mji mzima ulikuwa upande wa Silvero. Mimi mwenyewe, ukinibana, nilikuwa upande wa Silvero.

“Ameniambia aliona,” Wenceslao alisema. “Alikuwa nyuma ya goli. Ameniambia, Don Wenceslao, kaka yangu alimshika yule kijana mguu kwa mikono miwili. Ile ilikuwa penalti.”

Akavua kofia, akaifuta mahali ambapo haikuwa chafu. Mtu mzima, machozi yanamtoka. Miaka yote ile hakuna mtu aliyemwambia hivyo, na mimi dadake nikiwemo. Niliona aibu, nikaenda kumkaangia mayai.

Kuanzia hapo kaka yangu alikuwa amekwisha, na yeye ndiye wa mwisho kujua.

Ijumaa kabla ya mazoezi ya mwisho, tukiwa mezani mchana, Silvero Cabañas akabisha hodi. Nilishika kisu cha mkate nisijue nakishikia nini. Aliingia na mikono yake myeusi ya tairi, akakataa kukaa, akakataa na maji.

“Wenceslao, mimi na wewe hatuna salamu,” alisema.

“Hatuna,” kaka yangu akajibu.

“Basi sijaja kusalimia. Dada yangu hakumsogezea mwenye lori hata jicho. Wewe amekusogezea kiti nusu mtaa, watu wote wanaona. Hujakaa. Hujasema. Kila wiki unakwenda mbele kidogo kama mtu anayetoroka taratibu. Alhamisi umesimama karibu na kanisa, na baada ya kanisa mtaa umekwisha. Kesho ukimpita mbele ya watu, hutachekwa wewe. Wewe ulishazoea. Atachekwa yeye.”

Akatoka. Hakuupiga hata mlango, na hilo lilinitisha zaidi.

Wenceslao aliuacha mchuzi upoe. Ndipo akanieleza ambalo alikuwa amenificha: kesho ndiyo kipimo. Nesi anataka kumwona kwa macho, kwa picha ya simu, akitembea kutoka mlangoni kwetu mpaka kanisani bila kusimama. Akifika, mguu umepona vya kutosha na kisu kimeondoka. Akisimama popote, kijisanduku kitaandika amesimama, na Jumatatu wapasuaji wana kikao, faili lake liko juu ya meza.

Nikamwambia nenda sasa hivi kwa Obdulia, mweleze. Akaniuliza amweleze nini. Kwamba siku zote zile alizosimama mbele yake alikuwa anasubiri shavu la mguu liachie? Kwamba kiti amekihamisha nusu mtaa akifuata maumivu ya mzee? “Nikimwambia nimemvunja,” alisema. “Nikimpita nimemvunja. Nikisimama wananipasua.”

Mficha maradhi kilio humuumbua, nilimwambia, na wewe sasa unataka kilio hicho kimwumbue mwanamke wa watu. Nilikuwa na hasira naye, na nilimhurumia vile vile. Alipanda kitandani na viatu.

Jumamosi simu nilishika mimi. Nesi aliagiza hivyo: mtu atembee nyuma yake akiiinua simu, ili yeye aone miguu na mgongo. Kidude cha sikioni hakikuwa na kazi tena. Sauti ya nesi ilikuwa inatoka wazi kwenye simu, na mimi sikujua kuipunguza. Tukatoka. Upande wa chini mtupu. Juu, karibu na kanisa, ungedhani kuna harusi, viti mistari miwili, vikombe vinazunguka.

Alitembea vizuri. Nasema nikiwa nyuma yake, alitembea kama zamani anapotoka kwenye handaki la uwanja na mpira kwapani. Ukuta wa bluu ukapita. Fundi cherehani akapita. Nesi akawa anasema vizuri Don Wenceslao, usiongeze kasi, vizuri. Watu wakaanza kugeuza shingo wakitafuta hiyo sauti ya kike inatoka wapi, wakanitazama mimi na mkono wangu juu, nikatamani ardhi inimeze.

Ña Obdulia alikuwa kwenye nyumba ya mwisho kabla ya kanisa, viti vyake viwili, birika la maji ya barafu mkononi, amevaa gauni ambalo sijawahi kuliona. Silvero amesimama nyuma, amekunja mikono. Kaka yangu akafika mbele yake. Akapunguza mwendo.

“Usisimame, Don Wenceslao,” nesi akasema. “Umebakiza padogo.”

Akampita.

Nilimwona Ña Obdulia. Uso haukubadilika. Aliliweka tu lile birika chini, taratibu, kama kitu ambacho hakitahitajika. Moyo uliniuma mimi. Nikasema kimoyomoyo, kaka, wewe ni mbwa.

Katika maisha yake ya urefa Wenceslao hakuwahi kubadilisha uamuzi. Walimzonga, walimrushia machungwa, mara moja walimrushia kuku, hakubadilisha. Mlango wa kanisa ulikuwa pale, ungetema mate ungeufikia. Akasimama. Akageuka. Akarudi mpaka kwenye kiti.

“Umesimama,” nesi akasema, na sauti ilikuwa na huzuni ya kweli. “Don Wenceslao, umesimama. Mguu?”

“Mguu ni mzima,” akasema.

“Niambie ukweli. Unauma kiasi gani?”

“Hauumi kabisa, binti yangu.”

“Sasa umesimama kwa nini?”

Mtaa mzima ulikuwa unasikiliza. Hata mbwa walikuwa wamepanda. Kaka yangu akanyoosha mgongo. “Nimesimama kwa sababu Ña Obdulia amekaa hapa,” alisema.

Hakuna aliyecheka. Ña Obdulia akaitazama simu mkononi mwangu, akamtazama yeye, akauliza huyo ni nani. Na Wenceslao akasema yote, mbele ya watu wote waliomwimbia. Alisema mishipa, alisema hospitali, alisema kisu. Akainama akakunja suruali mpaka gotini, akawaonyesha mguu. Mzee mmoja aliyekuwa kiongozi wa nyimbo uwanjani akaangalia pembeni.

“Kwa hiyo siku ile ya kwanza,” Ña Obdulia akasema, “ulisimama kwa ajili ya mguu.”

“Mguu.”

“Na siku ile ya mvua, ulipolowa mpaka nikakuonea huruma?”

“Mguu.”

“Zote?”

Kaka yangu akafikiri. Ni refa, hawezi kusema asichokiona. “Mwanzoni zote. Baadaye sijui, Ña Obdulia. Baadaye mguu na wewe mlikuwa mnanisimamisha mahali pamoja, sikuweza kuwatenganisha. Leo peke yake ndiyo nina hakika.”

Nilimwona Ña Obdulia anapiga hesabu ya vicheko vyote vya miezi mitatu, na kile kiti. Silvero akakunjua mikono. Halafu Ña Obdulia akaliinua lile birika kutoka chini, akajaza kikombe.

“Basi leo ndiyo umekuja,” alisema. “Zile nyingine ulikuwa unapita tu. Kaa.”

Wenceslao akakaa. Nesi huko Asunción alikuwa bado yuko hewani, nasikia anageuza karatasi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba haelewi afanyeje, kipimo kilikuwa mpaka kanisani bila kusimama, faili liko mbele yake, aandike nini.

Ña Obdulia akanipokonya simu. Hakumwangalia nesi, alikuwa anamwangalia kaka yangu anavyokunywa.

“Andika amefika, mwanangu,” akasema.

Tukasikia kalamu ya nesi ikiandika. Viti vilikuwa viwili tu, kwa hiyo mimi na Silvero tulibaki tumesimama, na baada ya muda akanisalimia.